Mahindi Yaliyomngoja Baba Mkubwa

Mpaka leo nikishika hindi naanzia nchani. Navuta maganda kidogo tu, naangalia zile punje ndogo za juu, pale ambapo nywele zimekauka. Ukungu huanzia pale. Ukiona weupe kama wa pamba, au kijani kile cha kutu ya shaba, huna haja ya kuendelea kumenya. Wajukuu wa dada yangu hunicheka. "Nyanya anakagua mahindi kama polisi wa barabarani," wanasema. Waache wacheke. Mimi sina utani na hindi.

Siku hizi redioni wanaiita sumukuvu. Wanaeleza vizuri, kwa sauti ya upole, kwamba ni sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka iliyopata unyevu. Nikisikia sauti ile nazima redio. Si kwamba wanasema uongo. Ni kwamba wamechelewa, na upole wao unaniudhi.

Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba, msichana aliyekuwa bado anabebwa mgongoni mama alipotuacha. Baba alikuwa ametangulia, kifua kilimmaliza. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa darasa la sita. Hakuna aliyenitoa shule. Siku moja nilibaki nyumbani kwa sababu mtoto alikuwa na homa, kesho yake nikabaki kwa sababu hapakuwa na unga, halafu ikawa sirudi tena, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Boma letu lilikuwa Seme, juu ya ziwa, upande wa Kombewa. Lilikuwa boma la babu. Baba alikufa kabla hajatoka kwenda kujenga boma lake mwenyewe, na jambo hilo dogo ndilo lililotuponza. Mwenye boma lake huvuna anapotaka. Ukiwa bado ndani ya boma la babu unafuata mstari: aliyezaliwa kwanza ndiye anayepanda kwanza, na ndiye anayevuna kwanza. Anayeruka mstari analeta chira, ile laana inayomkondesha mtu mpaka anakufa, na wakati mwingine inamwacha mwenye kosa na kumchukua mtoto, au yule mkubwa aliyerukwa.

Babu alikuwa amekufa. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba. Yeye na mkewe walikuwa na shamba pale pale bomani, linalimwa na kibarua, lakini wao waliishi Kisumu, Milimani, kwenye nyumba aliyopewa kazini, yenye ua mpana na gari mlangoni. Ilibidi mama mkubwa aje avune kwa mkono wake mwenyewe, apike ugali wa mahindi mapya, na walale na mumewe usiku mmoja katika nyumba yao ya bomani. Baada ya hapo ndipo sisi tungegusa mahindi yetu. Kabla ya hapo, hata moja la kuchoma, hapana.

Mwaka ule mahindi yetu yalikuwa mazuri kuliko ya mtu yeyote upande ule wa kilima. Nasema hivyo bila aibu. Nililima na mdogo wangu, mtoto amelazwa chini ya kichaka cha mpakani, na tulipalilia mara mbili kama mama alivyotufundisha. Yalikomaa, maganda yakawa ya rangi ya karatasi kuukuu, na mbele ya nyumba kulikuwa na mawe mapana ya kuanikia. Tulichokosa ni baba mkubwa.

Halafu mvua iliyokuwa imekwisha ikarudi.

Hindi lililokomaa likisimama wima kwenye mvua ni kama kikombe. Maji yanaingia nchani na hayana pa kutokea. Nilijua hilo, kila mtu alijua. Nikaingia shambani nianze kuyakunja mabua, mahindi yatazame chini, maji yateleze. Nilikuwa sijafika mbali nyanya alipotoka nyumbani kwake akipiga kelele. Alikuwa mke mdogo wa babu, mzee pekee aliyebaki bomani, na mstari ule aliulinda kama mlango wa nyumba yake.

"Unafanya nini wewe?"

"Nakunja tu, nyanya. Sivuni."

"Bua likivunjika hindi limekatwa kutoka ardhini. Limekatwa na nani? Na wewe! Kabla ya nani?"

"Yanaingia maji."

"Na yaingie! Maji hukauka. Chira haikauki."

Nikatoka shambani. Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini, akaniambia kwa sauti ya nyanya, midomo ameikunja kama asiye na meno, "Chira haikauki." Nilicheka. Alikuwa na kipaji hicho, angeweza kuigiza mtu yeyote bomani, hata jogoo.

Mvua ilipoendelea nilimwachia watoto nyanya, nikaenda Kisumu. Nilitembea mpaka barabarani, nikapata lori la mchanga. Nilifika Milimani nikiwa na matope mpaka magotini, na mama mkubwa akanipokea mlangoni.

"Hayo matope yote umetoa wapi? Simama hapo hapo, sakafu imepigwa rangi leo."

"Mama mkubwa, mahindi yanaoza."

"Mvua ni ya Mungu, mwanangu. Unataka niizuie mimi?"

"Mje mlale usiku mmoja tu. Kesho yake mrudi."

Baba mkubwa alikuwa kwenye kiti chake anasoma gazeti. Akalishusha, akamtazama mkewe. "Umesikia? Siku hizi mtoto ndiye anayetupangia tulale lini na wapi." Wakacheka wote wawili, cheko refu. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Gari liko gereji," akasema alipomaliza. "Likitoka tutakuja. Mwisho wa mwezi."

"Basi turuhusu tuanze sisi, baba mkubwa. Sema neno tu, nitamwambia nyanya umesema."

Hapo cheko lilikwisha. "Uvune kabla yangu? Unataka kunizika?"

"Yanaoza."

"Mmesubiri mpaka sasa. Wiki mbili zitawaua?"

Nimeyabeba maneno hayo miaka yote hii. Wiki mbili zitawaua. Aliyasema kwa utulivu kabisa, kisha akaliinua gazeti tena. Mama mkubwa alinipa chakula jikoni, ugali mweupe wa unga wa pakiti, unga wa dukani uliokobolewa mpaka hauna harufu. Nikala wote. Ndipo nilipoelewa kwa nini hawakuwa na haraka. Mahindi ya bomani kwao yalikuwa heshima tu. Kwetu yalikuwa ndiyo chakula, na hapakuwa na kingine.

Walikuja, ndiyo. Walikuja mvua ikiwa imeharibu kila kitu, gari limeoshwa, mama mkubwa amevaa kitambaa kipya kichwani. Alivuna kikapu kimoja, akachagua yaliyosalimika, akapika, wakalala. Asubuhi nyanya alipiga vigelegele. Kisha baba mkubwa akapita kwenye shamba lake na kibarua, akamenya moja, akamenya la pili, akakunja pua. Yalikuwa ya kijivu na kijani, mengine mekundu kama ufizi.

"Haya siwezi kuyatia kwenye gari," alisema. "Yatanukisha viti. Wapeni yatima."

Ndivyo tulivyopewa. Mahindi yetu yaliyooza tukimngoja yeye, na juu yake mahindi yake yaliyooza akijingoja mwenyewe. Kibarua aliyamwaga ndani ya dero letu, ghala la fito lenye kifuniko cha nyasi, na Jumapili mwalimu wa kanisa alimtaja baba mkubwa mbele ya watu kama mfano wa Mkristo asiyesahau watoto wa ndugu yake. Watu wakaitikia amina. Nami niliambiwa nisimame nishukuru, nikasimama, nikashukuru.

Nilifanya kila kitu ambacho mwanamke wa kwetu alijua kufanya. Nilipukuchua, nikatupa punje nyeusi kabisa, nikaosha zilizobaki kwa maji ya majivu, nikaanika kwenye mawe mpaka zikalia mkononi. Nilisaga pamoja na muhogo kuficha uchungu. Hii haikuwa akili yangu peke yangu. Ndivyo ilivyokuwa kila boma: yaliyoharibika kidogo yanaoshwa na kuliwa, yaliyoharibika zaidi yanapikiwa pombe ya busaa, mabovu kabisa ni ya kuku. Hakuna aliyefikiri kwamba uozo unaweza kuondoka machoni na puani na bado ukabaki ndani. Ugali ulitoka wa kijivu. Tulikula na omena, dagaa wa ziwani, na omena zilipokosekana tulikula na chumvi.

Kuku walitangulia. Nyanya akasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Halafu mbwa. Mbwa yule alikuwa ameanza kwa kuukataa ugali, ananusa, anaondoka, na mdogo wangu akawa anamtania: "Bwana mkubwa anangoja samaki." Njaa ilipomshinda akala. Akatapika, akalala nyuma ya dero, na hakuamka. Mdogo wangu alimzika mwenyewe, hakuigiza mtu yeyote siku ile.

Kisha ikawa zamu yake. Alianza kwa kukataa chakula, na mtoto yule hakuwahi kukataa chakula. Macho yakawa ya njano, kisha viganja, kisha mwili mzima, tumbo likajaa na miguu ikabaki vijiti. Nyanya alikuja akamtazama, akakaa chini polepole, na nikaona usoni mwake kwamba ameshaamua.

"Nani kati yenu alikula kabla ya baba mkubwa?"

"Hakuna, nyanya."

"Sikukuuliza wewe." Akamwinamia. "Mwanangu, hata la kuchoma. Hata moja. Sema tu, tukutafutie manyasi, upone."

Manyasi ni dawa ya miti inayonyweshwa mtu wa chira, lakini haifanyi kazi mpaka aseme kosa lake. Siku ya kwanza mdogo wangu alikataa. Siku ya pili alikataa. Nyanya hakuwa mkatili, nataka hilo lieleweke. Alimfuta jasho, alimpepea, alilia. Aliuliza tu, akauliza tena, na siku ya tatu nilirudi kutoka ziwani na maji nikamkuta mdogo wangu analia na nyanya ana furaha.

"Amesema! Alichoma moja kule kichakani. Sasa atapona."

Hakuchoma. Wakati wote tuliokuwa tukimngoja baba mkubwa, kila jioni alinijia na kuniomba, "Dada, moja tu, nitakula na maganda yake, hawataona," nami nilimwambia hapana. Kila jioni. Mtoto anayeiba hasumbuki kuomba. Alisema alikula kwa sababu alikuwa mgonjwa na nyanya alikuwa amemwambia kwamba akisema atapona. Akanywa manyasi. Aliyatapika yote.

Nikamchukua. Jirani alimfunga kwenye kiti cha baiskeli kwa kanga, mimi nikishika mgongo wake na mtoto mgongoni mwangu, mpaka hospitali ya Kombewa. Daktari alikuwa kijana kutoka mbali, hakujua Kijaluo, alisema nami Kiswahili. Alimpapasa tumbo, akauliza tunakula nini. Nikamwambia. Akauliza kama kuna mnyama aliyekufa nyumbani. Nilishangaa, nikafikiri naye ni wa mambo ya uganga.

"Kuku na mbwa," nikasema.

"Mahindi yalikuwa na ukungu?"

"Niliyaosha. Kwa majivu. Nikaanika."

"Haitoki kwa kuosha. Wala kwa jua. Wala kwa moto, hata upike kutwa. Ukungu ukishaacha sumu yake, punje ndiyo sumu." Akamtazama mtoto mgongoni mwangu. "Huyu anakula chungu hicho hicho?"

"Ndiyo."

Akamshusha, akamvuta kope kwa kidole gumba. Weupe wa jicho ulikuwa umeanza kufifia, kama kitambaa kilichofuliwa kwa maji ya chai. "Usimpe tena ugali ule. Hata tonge moja. Umesikia?"

"Nimpe nini?"

Daktari alimrudisha mtoto mgongoni mwangu. "Hapo sina dawa," akasema.

Mdogo wangu alikufa hospitalini kabla wiki haijaisha. Tulimrudisha nyumbani, na boma likajaa watu. Waombolezaji lazima wale, hiyo ni sheria kubwa kuliko zote, na mama mkubwa alipofika kutoka Milimani alitazama sufuria tupu, akatazama dero letu, akawaita wanawake waje na vikapu.

Nilikuwa nimekaa nimeegemea dero, mtoto mapajani. Sikuondoka.

"Sogea, mwanangu. Watu wana njaa," akasema mama mkubwa.

"Haya ndiyo yaliyomuua."

Wanawake wakashusha vikapu. Nyanya akatikisa kichwa. "Kilichomuua alikisema kwa mdomo wake. Wote tulisikia."

"Daktari amesema ni ukungu. Kuku wamekufa, mbwa amekufa. Mbwa alivuna kabla ya nani, nyanya?"

Mtu mmoja nyuma akatoa sauti kama anakohoa. Baba mkubwa akaja kutoka kwa wanaume, suti nyeusi, mikono mfukoni. "Daktari wa juzi atatufundisha kula? Babu zetu walikula mahindi gani? Msichana, unamwaibisha marehemu. Ondoka hapo."

Nikasimama. Nilimweka mtoto begani, nikainua kile kifuniko cha nyasi mwenyewe, nikaingiza mkono mpaka kwapani, nikatoa hindi moja kutoka chini, kati ya yale aliyotupa yeye. Lilikuwa limeshikana na ukungu kama limevaa sufi. Nikamnyooshea.

"Sawa, baba mkubwa. Waombolezaji wale. Lakini tufuate mstari. Wewe ndiye wa kwanza. Anza."

Sijui nilitoa wapi maneno yale. Hasira iliyakuta tayari. Nililishika hindi mbele ya kifua chake, karibu na tai yake, na harufu ikapanda baina yetu. Watu wote walitazama mkono wake. Haukutoka mfukoni.

"Anza," nikasema tena. "Wiki mbili hazijakuua."

Alirudi nyuma hatua moja. Moja tu, lakini kila mtu aliiona. Kisha akageuka akasema mtoto huyu amechanganyikiwa na msiba, watu wamvumilie. Mama mkubwa akawaambia wanawake waache, akamtuma dereva sokoni. Waombolezaji walikula mkate na ndizi. Mahindi yale niliyachimbia shimo siku iliyofuata baada ya mazishi, nikayamwagia mafuta ya taa, nikayachoma, na moshi wake ulikuwa mchungu mpaka kooni.

Baada ya hapo hatukupata msaada wa mtu, isipokuwa yule jirani wa baiskeli, na nyanya, ambaye alikuwa akiacha muhogo mlangoni bila kusema neno. Nilichota maji ya watu, nilikaushia watu omena ufukweni, nikilipwa kwa omena hizo hizo. Mtoto alikula muhogo, viazi, samaki, matunda pori. Kila asubuhi nilimpeleka kwenye mwanga nikamvuta kope. Ilichukua muda mrefu, lakini weupe ulirudi.

Msimu uliofuata nililima tena. Mahindi yalipokomaa, kabla wingu lolote halijatoka upande wa ziwa, niliingia shambani jua likiwa juu, watu wote wakinitazama, nikavuna. Sikwenda Milimani kuuliza gari liko wapi. Nyanya alisimama mlangoni kwake.

"Unajua unachofanya?"

"Najua, nyanya."

"Atakufa yeye, au mtakufa nyinyi."

"Tulishakufa tulipongoja."

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda chake akanitazama mpaka nikamaliza mstari wa mwisho. Taarifa ilifika mjini, na baba mkubwa akatuma neno kwamba mimi si mtoto wake tena, nami nikatuma neno kwamba nimesikia. Hakufa. Aliishi, akastaafu, akajenga bomani nyumba ya mabati, akanenepa. Tulipohamia Obunga, mtaa wa mabanda kule Kisumu, miaka ya mwisho ya sabini, nikiuza uji kwa wafanyakazi ili dada yangu, yule mtoto wa mgongoni, asome, nilimwona mara moja mjini akishuka kwenye gari jipya. Alijifanya hanijui. Nilifurahi kwa hilo.

Lakini bomani bado wanasema. Nikienda mazishini nasikia wazee wakiwaonya watoto: kulikuwa na mvulana hapa, alikula hindi kabla ya baba yake mkubwa, akageuka njano akafa. Wanamtumia kufundishia. Mdogo wangu, aliyeomba kila jioni na kunyimwa kila jioni na akatii, wamemfanya mwizi, na watoto ambao hawajazaliwa watamjua kama mwizi. Hakula. Ningekuwa na sauti ya redio ningesema hilo tu kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari. Hakula.

Jioni ile niliyovuna bila kumngoja mtu nilichagua hindi moja, nikaangalia ncha, nikaangalia tena, nikalichoma. Dada yangu alikaa karibu na moto, mikono ameificha chini ya gauni ili isiguse.

"Baba mkubwa amekuja?" akauliza.

"Hapana."

Akatazama mlango wa nyanya, akatazama shamba tupu. "Amelala usiku mmoja?"

"Hapana. Hatakuja."

Nikampulizia hindi lipoe. Hakulipokea. Ilibidi niume mimi kwanza, nitafune mbele yake, nimeze, nifungue mdomo aone hakuna kitu. Ndipo akatoa mkono.